Zuwena Hajakamatwa

Pantaleo alilisikia neno kabla halijasemwa. Alikuwa nyuma ya mashine ya kurekodia, hedifoni masikioni, akimtazama Evarista kupitia kioo. Evarista alikuwa bado anavuta pumzi, midomo imefumba, karatasi mkononi. Hapo sauti ya Evarista ikasema ndani ya masikio ya Pantaleo, safi kabisa: "Nimerudi, Sajini." Kisha Evarista mwenyewe akafumbua mdomo na kusema, "Nimerudi, Sajini."

Pantaleo akasimamisha utepe. Hamud, mtunzi wa mchezo na mwenye chumba, akauliza kuna nini, na Pantaleo akajibu kuwa labda ni mashine. Mashine ilikuwa imechoka na vipuri havikuwapo, na aliyeishi Dar es Salaam mwaka ule wa 1974 anajua jinsi vipuri vilivyobebeshwa lawama za kila kitu. Wakarudia. Mara ya pili neno lilikuja wakati wake, wakaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Lakini Pantaleo alikuwa ameanza kunusa ubani, na alipouliza nani kachoma, wenzake wawili wakatazamana. Ubani haukuwa umechomwa chumbani mle tangu mwaka uliopita.

Enzi hizo huku bara televisheni tulikuwa tunaisikia tu. Burudani ilikuwa redio, na redioni hapakuwa na kitu kilichopendwa kama Sajini Tawakali. Ulikuwa mchezo wa upelelezi wa zama za Mwingereza, Kariakoo ya miaka ya thelathini, yenye taa za chemli na askari wa kofia nyekundu, na huyo Tawakali akifukua mauaji ambayo wakubwa zake hawakujali kuyafukua. Kila Jumatano saa kumi na moja na robo jioni hata foleni ya sukari ilipungua watu. Hamud aliandika yote kwa mkono wake na ndiye aliyekuwa Sajini. Alikuwa mtoto wa Mzee Sheikhan, Mwarabu wa Mchafukoge mwenye duka la vitambaa. Vitambaa vilipoadimika, mwana akapanda ghorofani, akaigeuza stoo ya baba yake kuwa studio. Alitundika magodoro ya sufi ukutani kuzuia kelele za barabarani, na kwa kuwa soko jipya la Kariakoo lilikuwa linajengwa na nyundo hazikunyamaza siku za kazi, walirekodi Jumapili mchana.

Katikati ya chumba hicho ulisimama mlango. Ulikuwa mlango wa kweli, wa mninga, na fremu yake na komeo lake la chuma, ila haukuelekea popote. Uliwekwa kwa ajili ya milio tu. Mtu akibisha hodi redioni, ni Pantaleo aliyegonga ubao ule. Mlio wa mwisho wa mfululizo wa kwanza, ambao mji mzima uliukumbuka, ulikuwa wa komeo lile: Zuwena, mwanamke aliyeua waume watatu kwa sumu, anajifungia ndani, komeo linalia, kisha kimya. Sajini hakumpata. Watu waliandika barua magunia kwa magunia wakidai mfululizo wa pili ili Zuwena akamatwe, na sasa ndio walikuwa wanaurekodi.

Zuwena alikuwa Evarista. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mtu wa Masasi, ambaye hajawahi kuua hata mende bila kusita, lakini Mungu alimpa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Siku za kazi alikuwa mpokea simu wa shirika moja la umma, na kuna mabwana waliopiga simu pale bila shida yoyote ili wamsikie tu akisema "Subiri kidogo, nakuunganisha." Kisha alikuwapo mama yake, Bi Josepha, ambaye macho yake yalikuwa yamekufa kwa mtoto wa jicho. Waliishi chumba kimoja cha kupanga Buguruni. Wezi walishawahi kuingia pale mchana kwa kujifanya watu wa kanisani, na tangu hapo Bi Josepha alijifungia kwa komeo, na hakulifungua mpaka asikie alichozoea kusikia. Evarista angegonga, mama angeuliza, "Nani?" Evarista angejibu, "Mimi, wako wa mwisho," maana alikuwa kitinda mimba. Ndipo komeo lingefunguka. Kwa mama yule, mtoto wake hakuwa na uso mwingine zaidi ya sauti.

Sasa nieleze kilichotendeka mwaka uliopita, maana balaa lote lilianzia hapo. Katika sehemu ya mwisho Zuwena alimwita jini amfiche. Hamud hakutaka maneno ya kubuni. Alikwenda Buguruni kwa Bi Sabaha, fundi wa ngoma za pepo, akampelekea kilo ya sukari, na sukari siku hizo haikuwa zawadi ndogo. Bi Sabaha akampa maneno ya kumwita na maneno ya kumuaga. Hamud akayaandika yote. Siku ya kurekodi akachoma ubani wa kweli, ingawa redio haina pua, kwa kuwa aliamini mwigizaji akinusa huigiza vizuri zaidi. Evarista akaita. Akaahidi kama karatasi ilivyosema: "Nifiche, asinipate mtu, na sauti yangu iwe yako." Ukurasa wa kumuaga ulikuwa unafuata. Lakini mchezo ulipewa dakika ishirini na tano, hata kikohozi kisizidi, na dakika ya ishirini na nne ilikuwa imeshapita. Hamud akaukunja ukurasa ule, akautia mfukoni, akampungia Pantaleo mkono. Komeo likalia. Wakashuka chini kunywa soda, wamefurahi.

Basi Jumatatu iliyofuata ile Jumapili ya neno lililotangulia, bwana mmoja alipiga simu kazini kwa Evarista na kulalamika. "Dada, mbona mnaongea wawili?" Evarista akamwambia yuko peke yake. Yule bwana akasema hapana, kuna mwenzako anasema hayo hayo, na anakutangulia.

Jumapili ya pili walirekodi vizuri. Usiku wake Bi Josepha akamwomba mwanawe amwimbie wimbo wa Bikira Maria kama desturi yao kabla ya kulala, na Evarista akafungua mdomo na pakatoka hewa. Kuongea aliweza, kuimba hakuweza. Mama akasema umechoka, mwanangu, lala. Evarista hakulala. Asubuhi alipita kanisani akachukua maji ya baraka, akayanywa, akajipaka kooni, na haikusaidia kitu.

Baada ya Jumapili ya tatu ikabaki minong'ono. Daktari alimulika koo lake kwa tochi akasema ni safi. Mkuu wake wa kazi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa wiki mbili, akamweleza kwa upole kwamba shirika halina nafasi ya mpokea simu bubu. Na nyumbani ilimbidi aweke mdomo kwenye tundu la ufunguo ili mama amsikie na kufungua. Bi Josepha aliuliza mara mbili, mara tatu, "Wangu nani? Sema kwa nguvu." Mara moja aliuliza kwa woga, na woga ule wa mama ndio uliomuumiza Evarista kuliko koo.

Hamud yeye alikuwa anachekelea, na hapa ndipo ninapopata taabu kumsamehe. Tepe zilikuwa nzuri. Evarista alisimama mbele ya kipaza sauti akinong'ona mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na kwenye utepe ilitoka sauti pana, tamu, iliyojaa, kuliko ya mwaka jana. Hamud alisema ni maajabu ya kipaza sauti. Pantaleo alikuwa fundi redio wa miaka kumi na tano na alijua vipaza sauti havina maajabu. Jumapili ya nne, Hamud aliposhuka dukani kwa baba yake, Pantaleo alimwomba Evarista asimame mahali pake na asifumbue mdomo kabisa. Akawasha utepe. Walisimama hivyo dakika mbili, wanatazamana kupitia kioo, huku chini barabarani mtu akiuza kahawa na kugonganisha vikombe. Kisha akarudisha utepe nyuma, akamwita Evarista upande wake, wakagawana hedifoni, sikio moja moja.

Kwanza kulikuwa na kimya. Ndani ya kimya hicho mtu alikuwa anapumua. Halafu sauti ya Evarista, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma, ikaanza kujaribu maneno. "Subiri kidogo. Nakuunganisha. Subiri kidogo." Ikacheka kidogo. Ikaimba kipande cha wimbo wa Bikira Maria, ikakosea, ikarudia mpaka ikapatia. Kisha ikasema, kwa mapenzi yale yale ambayo Evarista aliyajua kwa kuwa yalikuwa yake, "Mimi, wako wa mwisho."

Evarista alivua hedifoni akaketi chini sakafuni. Mlango ule wa mninga ulikuwa upande wa pili wa kioo, na Pantaleo baadaye aliapa kwamba komeo lake, ambalo yeye mwenyewe aliliacha wazi, lilikuwa limefungwa.

Kesho yake jioni walikwenda wote watatu kwa Bi Sabaha. Hamud alikuwa na haya na hakutaka kwenda. Pantaleo alimwambia asipokwenda atatafuta fundi mwingine wa mitambo, na fundi mwingine hakuwepo. Walimkuta Bi Sabaha uani, anabangua korosho kwa nyundo ndogo. Walipompa shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua kichwa. Alipoinua alimtazama Hamud, akauliza kama yeye ndiye aliyemwacha yule mwanamke asikamatwe. Hamud akatabasamu, akidhani anasifiwa.

"Nilisikiliza mpaka mwisho nikingoja umuage," Bi Sabaha akasema. "Nikadhani betri zimeniishia. Nikaenda kwa jirani kuuliza redio yake ilisemaje. Nilikupa maneno mawili, bwana mdogo, la kumwita na la kumuaga. Wewe umetumia moja."

"Ulikuwa mchezo tu, bibi," Hamud akasema.

"Wewe unajua ni mchezo. Yeye kaambiwa na nani?"

Bi Sabaha akamgeukia Evarista, akamshika kidevu, akamwomba aseme jina lake. Evarista akanong'ona. Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni. Akauliza kama yule Zuwena alifichwa, asipatikane na mtu, kama alivyoomba. Walikubali kwamba alifichwa. "Basi mwenzenu katimiza," akasema. "Mlipomrudisha Zuwena, naye kaja kuchukua alichoahidiwa. Hana kosa huyo. Mwizi wenu mnaye wenyewe."

Lakini tiba ilikuwapo, na aliieleza akiendelea na korosho zake. Jini aliahidiwa sauti kwa sharti la kumficha Zuwena. Zuwena akipatikana, sharti limevunjika na ahadi imekufa. Kwa hiyo Zuwena ajitoe. Amwite jini kwa maneno yale yale, kwa ubani ule ule, Sajini abishe hodi, Zuwena afungue, ajitaje, na amuage jini mpaka neno la mwisho. Ahadi ilisikika mji mzima, basi ivunjwe mji mzima ukisikia. Na yote yawe siku moja, kikao kimoja, bila kukatwa. Hapo aliweka nyundo yake chini. "Humwiti mwenye haki yake ukamwacha kasimama mlangoni. Ukimwita mara ya pili na usimuage, hatakungoja tena. Ataingia."

Hamud aliandika sehemu hiyo siku tatu, na ilimuuma. Alikuwa amepanga Zuwena aende mpaka mfululizo wa tatu. Alilalamika kwa Pantaleo kwamba mchezo bila Zuwena ni wali bila kitoweo. Lakini aliandika, na tumpe haki yake, aliandika vizuri.

Jumapili ya kurekodi joto lilikuwa kali na barabara ilikuwa tupu. Bi Sabaha hakuja; alikuwa na msiba Mbagala, ila aliwafungia ubani kwenye kitambaa. Hamud akawasha mkaa. Evarista akasimama mbele ya kipaza sauti, kanga ya mama yake mabegani, rozari shingoni, na akaanza kuita kwa mnong'ono. Pantaleo, ambaye kwenye hedifoni alikuwa anasikia sauti ile nyingine pana ikiyasema maneno yale yale mbele yake, aliuona moshi wa ubani ukiacha kupanda juu na kuanza kwenda pembeni, polepole, kuelekea kwenye mlango wa mninga, ukipita chini yake na kutotokea upande wa pili.

Ilikuwa zamu ya Sajini kubisha hodi. Pantaleo alikuwa ndiyo kwanza anainuka kwenye kiti aende kugonga. Mlango ukagongwa. Ulibishwa mara tatu, na hakuna mtu aliyekuwa karibu nao, na Hamud, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusahau mstari, akausahau, akabaki kaukodolea macho mlango mpaka Pantaleo alipopiga kioo kwa ngumi, ndipo akasema kwa sauti isiyokuwa ya Sajini hata kidogo, "Fungua, Zuwena. Najua umo."

Evarista akaenda mlangoni. Alisema baadaye kwamba komeo lilikuwa baridi, na alipolivuta alihisi upande wa pili mtu naye amelishika analivuta kwake, na wakavutana hivyo, yeye na asiyeonekana, jasho likimtoka, huku akisikia puani harufu ya ubani na chini yake harufu nyingine kama ya chumba kilichofungwa miaka mingi, na akamfikiria mama yake akiwa amekaa kitandani kule Buguruni anangoja mtu amwambie ni nani, na hapo akapata nguvu ambazo hajui zilitoka wapi, komeo likaachia, mlango ukafunguka, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila ukuta na magodoro. Akasema, "Mimi ndiye Zuwena. Nimejileta mwenyewe. Aliyenificha hakunificha, ahadi yangu kwake imekufa." Mnong'ono ulikuwa unakuwa sauti kadiri alivyosema. Akasoma ukurasa wa kumuaga, wote, neno kwa neno, ule ule uliokunjwa mwaka jana, na alipofika mwisho, pale aliposema, "Nenda kwa amani, sikuiti tena," alikuwa anasema kwa sauti yake kamili, na magodoro ukutani yalikuwa yanaimeza kama zamani.

Wakasikiliza utepe. Evarista alisikika mara moja tu. Hakuna aliyemtangulia. Pantaleo alilia bila kujificha, na Hamud akamkumbatia Evarista akaomba radhi, na nadhani alimaanisha.

Usiku ule Bi Josepha aliuliza, "Nani?" na alipojibiwa aliangusha fimbo yake akipapasa komeo kwa haraka. Evarista alimwimbia wimbo wa Bikira Maria mara nne. Jumanne alirudi kazini, na mabwana wakaanza tena kupiga simu bila shida yoyote.

Jumatano alitoka kazini saa tisa na nusu, akaenda na Pantaleo kwenye hoteli moja ya Mtaa wa Swahili iliyokuwa na redio kubwa. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, makuli kutoka kwenye ujenzi wa soko, wauza vitunguu, akina mama waliopanga vikapu vyao ukutani ili washike nafasi. Hamud alikuwa ameshafika, amesimama karibu na redio, macho yanang'aa. Evarista aliagiza chai. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepona, akimweleza Pantaleo kwamba mama ana redio yake ndogo nyumbani na ameapa kusikiliza peke yake, mlango umefungwa, asisumbuliwe na mtu.

Mchezo ukaanza. Hoteli nzima ikanyamaza. Zuwena akachoma ubani, akaita, na watu wakashika vifua. Ukaja ukimya. Zikaja hodi tatu, zile ambazo Pantaleo hakuzigonga. "Fungua, Zuwena," Sajini akasema. "Najua umo."

Kisha ukaja muziki wa kufunga.

Hoteli ikalipuka. Watu walipiga meza, wakacheka, wakalaani, wakaulizana je, atafungua, hatafungua, na mzee mmoja akasema itabidi asife mpaka Jumatano ijayo. Hamud alikuwa anatazama nyuso zao kama mtu anayekula. Pantaleo alimfikia kwa kusukuma watu, akamshika kola.

"Umefanya nini?"

"Wiki moja tu, Panta," Hamud akasema. Alieleza kwamba alikata utepe Jumatatu usiku kwa wembe, peke yake, na kipande kilichobaki kimo kabatini, salama, kitatoka Jumatano ijayo. "Tazama watu hawa. Ningewapa mwisho leo, kesho wangekuwa wamenisahau. Wiki moja ina nini?"

"Umemwacha mlangoni," Pantaleo akasema.

Wote wawili wakamgeukia Evarista. Alikuwa amesimama, kikombe mkononi, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi. Walimwona akijaribu jina la Hamud, kisha la Pantaleo, kisha la Mungu. Hata mnong'ono haukutoka. Hamud akaanza kusema watakimbia na kile kipande kwa watu wa redio, watawapigia magoti wakirushe hata usiku huu, na Pantaleo akawa tayari anamvuta kuelekea Mchafukoge. Evarista hakuwangoja. Aliyakumbuka maneno ambayo sauti ile ilijifunza kwenye utepe. Aliweka kikombe chini akatoka mbio.

Alikimbia kuelekea Buguruni, viatu mkononi, akiwapita watu waliomwuliza dada kuna nini, na hakuweza kuwajibu. Alipita kwanza kwa Bi Sabaha akakuta kufuli. Bibi alikuwa bado msibani Mbagala, akiamini kazi imekwisha. Adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa alipoingia kwenye korido ya nyumba yao. Wapangaji wengine walikuwa uani wanapika. Korido ilikuwa na giza, na ilinuka ubani.

Akagonga mlango.

Ndani mazungumzo yakakatika. Mama yake alikuwa anacheka, kicheko ambacho Evarista hakukisikia tangu macho ya mama yafe. "Nani?" Bi Josepha akauliza.

Evarista akafungua mdomo wake wote. Akaupiga ubao kwa viganja, akaupiga kwa viatu, akaweka midomo kwenye tundu la ufunguo na kupuliza hewa tupu, akilia, akiliumba kwa ulimi lile neno moja ambalo lingemtosha, neno la wa mwisho, na halikuwa na mlio.

"Nani huyo?" mama akauliza tena, sasa kwa hofu. "Mwanangu, kuna mtu anagonga."

Na ndani ya chumba, karibu kabisa na mlango, sauti ya Evarista ikajibu kwa upole, pana, tamu, bila kukosea hata kidogo.

"Usimfungulie, mama. Wezi hao. Mimi si niko hapa na wewe?"

"Ni kweli," Bi Josepha akasema, na alikuwa ametulia. "Basi hebu funga komeo vizuri, wangu wa mwisho."

Komeo likalia.